HHS Glasgow, manowari ya Sultani iliyozamishwa bandarini Unguja 1896 (uzi mrefu, tusomeni taratibu)

MwanaMizingani (mleta uzi)

Wakuu, amani iwe kwenu.

Kila ikikaribia Agosti 27 inarudi mitandaoni ile picha ya "vita fupi kuliko zote duniani, dakika 38", na chini yake watu wanacheka. Inaniuma. Asubuhi ile ya mwaka 1896 manowari za Waingereza zililipiga kasri la Sultani wa Zanzibar, Wazanzibari wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na wengi waliokuwamo kwenye kasri hawakuwa hata askari. Walikuwa watumishi, watumwa, na watu wa mjini walioingia kumuunga mkono Sayyid Khalid, aliyekishika kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Kwa hiyo leo naomba tuisome upya, na tuanzie baharini, kwa meli ambayo wasimuliaji wengi huipa mstari mmoja kisha wakapita: HHS Glasgow, mali ya Sultani wa Zanzibar.

Habari yake inaanza na tufani. Aprili 1872 upepo mkali ulipiga Unguja, ukang'oa mikarafuu na minazi shamba kwa shamba, ukabomoa nyumba, na ukazivunja meli za Sultani zilizokuwa bandarini. Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti. (Pemba ilisalimika, na ndipo ilipoanza kuipita Unguja kwa karafuu. Hilo linastahili uzi wake.)

Pigo lile halikuwa la mali peke yake. Baba yake, Sayyid Said, alikuwa mtu wa bahari hasa. Alikuwa na manowari ya mizinga 74 iliyojengwa Bombay, ikiitwa Liverpool, ambayo alimzawadia mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Meli yake nyingine, Sultana, ilifika New York 1840 ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Kwa utawala wa visiwa na mwambao, meli ndiyo iliyokuwa mkono wa dola. Barghash akajikuta hana mkono.

Na ulikuwa wakati mbaya wa kukosa meli. Mwaka uliofuata, 1873, Waingereza walimtisha kwamba wangeizingira Unguja kwa manowari asipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alitia saini Juni 5. Mwaka huohuo iliingia bandarini HMS Glasgow, manowari ya Kiingereza ya mbao inayokwenda kwa moshi na matanga, mizinga 28. Barghash akaitazama, akataka ya kwake ya namna ileile.

Kazi ikapewa kiwanda cha William Denny na ndugu zake, mji wa Dumbarton, Uskoti. Meli ilishushwa majini Machi 1878. Milingoti mitatu, bomba la moshi, rafadha moja, tani karibu 1,400, mataruma (mbavu za meli) ya chuma yaliyovikwa mbao za msaji. Ndani ilitiwa vyumba vya fahari kwa ajili ya Sultani. Silaha zake zilikuwa mizinga 7, na juu ya hiyo mzinga mmoja wa ratili 9 ambao ulikuwa zawadi ya Malkia Victoria. Ulikuwamo pia mzinga wa Gatling, ule wa midomo mingi unaozungushwa kwa mkono.

Ilipofika Unguja, Barghash hakuridhika nayo. Ikatia nanga mbele ya mji, na maisha yake mengi yaliyobaki yakapita hapohapo.

Nitaendelea na 1896. Kwanza nipumzishe mikono, anayetaka kuchangia achangie.

Kijana wa Tabora

Mkuu umetutendea haki. Mimi shuleni nilisoma Zanzibar ikaja kuwa himaya 1890, halafu tukarukia Mapinduzi. Swali langu: mtu ameagiza meli mwenyewe, ameilipia mwenyewe, anaikataaje ikifika?

MwanaMizingani

Swali zuri ndugu yangu. Mimi naona sababu ziko mbili. Ya kwanza ni ukubwa. Aliyoiona 1873 ilikuwa na mizinga 28, aliyoletewa ina 7. Umbo lilifanana, lakini mtu aliyesimama kwenye sitaha ya ile ya kwanza lazima aone tofauti akipanda hii.

Ya pili ni kwamba Barghash alikuwa mfanyabiashara mwenye hesabu kali. Meli zake nyingine za moshi zilibeba bidhaa na abiria mpaka Bombay, na zilisaidia mahujaji kwenda Makka. Hizo zilikuwa na faida, ama ya dunia ama ya akhera. Manowari haileti chochote. Inakula makaa na mishahara ya mabaharia, inangoja vita. Na vita gani angeweza kupigana kwa meli moja? Naleta mfano mmoja tu. Agosti 1885 Wajerumani walileta manowari zao wakazipanga mbele ya kasri, wakamtaka akubali kwamba nchi za bara walizojitwalia ni zao. Barghash hakufyatua hata mzinga mmoja. Alikubali. Alijua kuhesabu.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Nimekula chumvi baharini miaka mingi, niongeze kidogo upande wa ufundi.

Watu wakisikia mbao wanadhani meli ilikuwa dhaifu kwa sababu hiyo. Sivyo. Mataruma ya chuma na ngozi ya msaji ulikuwa mtindo wa heshima kwa meli za bahari za joto. Chuma kitupu kwenye maji yetu huota chaza na majani upesi, meli inakuwa nzito. Mbao unaweza kuzifunika kwa shaba kule chini, viumbe hao wasishike na mwata asitoboe. Hata manowari mbili kati ya zile tano za Waingereza mwaka 1896, Thrush na Sparrow, zilijengwa kwa mtindo huohuo wa mbao juu ya chuma, na zilikuwa ndogo kuliko Glasgow ya Sultani.

Tofauti ilikuwa kwenye mizinga. Mizinga ya Glasgow ilikuwa ya kushindilia mdomoni, kama gobore. Ukishapiga, unaurudisha mzinga ndani, unasafisha mtutu usibaki na cheche, unatia baruti, unatia kombora, unashindilia, unausukuma tena mbele, ndipo unalenga. Watu wanafanya kazi hiyo wamesimama mbele ya mdomo wa mzinga huku adui anawapiga. Waingereza mwaka ule walikuwa na mizinga inayotiwa kombora kwa nyuma, na ile midogo inatoa makombora kadhaa kwa dakika moja. Meli ya 1878 ilikutana na meli za miaka ya 1890. Miaka kumi na minane si mingi kwa binadamu, lakini kwa silaha za karne ile ilikuwa kama vizazi viwili.

Kijana wa Tabora

Shikamoo mzee. Hapo nimeelewa kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza.

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nyingine ndogo. Meli isiyotembea huharibika kuliko inayotembea. Boila inataka moto, mabaharia wanataka mazoezi ya mizinga. Ukiitia nanga mwaka baada ya mwaka inabaki jengo tu. Bwana MwanaMizingani, tupeleke 1896.

MwanaMizingani

Twende.

Barghash alifariki 1888. Wakafuata nduguze Khalifa na Ali, na chini ya Ali, mwaka 1890, Zanzibar ikawa himaya ya Uingereza. Tangu hapo hakuna mtu aliyekalia kiti bila idhini ya balozi wa Kiingereza. Akaja Hamad bin Thuwaini mwaka 1893. Khalid, mtoto wa Barghash, alijaribu kukishika kiti mwaka ule akaonywa, akarudi nyuma.

Agosti 25, 1896, kabla ya adhuhuri, Hamad akafariki ghafla. Safari hii Khalid hakungoja kuambiwa. Aliingia kwenye kasri, watu wakamjaa, na alasiri mizinga ikapigwa kutangaza Sultani mpya. Ndani ya kasri walikusanyika kama watu 2,800. Mizinga ilipangwa kuelekea baharini, miwili kati yake ikiwa zawadi ya Kaisari wa Ujerumani. Na mbele yao, kwenye nanga, Glasgow.

Hapa kuna jambo nataka tulitazame vizuri. Mwaka mmoja tu baada ya Glasgow kushushwa majini, yaani 1879, waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja. Kwa maoni yangu waya ule ndio uliomshinda Khalid, kabla hata ya mizinga. Mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, alipeleka simu London kuuliza kama anaruhusiwa kupiga, na Lord Salisbury akajibu kwamba achukue hatua yoyote anayoona inafaa, ila asianze jambo asilo na hakika ya kulimaliza. Enzi za Sayyid Said jibu kama hilo lingechukua miezi, na katika miezi hiyo watu wangekaa kitako wakazungumza. Khalid alipata siku mbili.

Na katika siku hizo mbili manowari za Waingereza zilizidi kuongezeka. Zilikuwapo Philomel na Thrush, ikaja Sparrow, ikaja Racoon, na Agosti 26 saa 8 mchana ikaingia St George, manowari iliyobeba bendera ya Admirali Harry Rawson, mkuu wao. Hii peke yake ilikuwa na zaidi ya tani 7,000, mizinga miwili ya inchi 9.2 na kumi ya inchi 6. Rawson akampa Khalid mpaka saa 3 asubuhi ya kesho yake kushusha bendera na kutoka. Meli za biashara zikaamriwa kuondoka bandarini. Konsuli wa Marekani, Richard Mohun, aliandika kwamba usiku ule mji ulikuwa kimya cha kutisha. Kwa kawaida ngoma zilisikika na watoto wakilia, lakini usiku ule hakukuwa na sauti yoyote.

Asubuhi, saa 2 na nusu, Khalid akatuma neno kwamba hawana nia ya kushusha bendera, na hawaamini kwamba Waingereza watawapiga. Cave akajibu kwamba hawataki kupiga, lakini masharti yasipotimizwa watapiga.

Saa 3 na dakika 2 Racoon, Thrush na Sparrow zikaanza kulipiga kasri. Mzinga wa kwanza wa Thrush uliangusha mmoja wa mizinga ya ufukweni.

Saa 3 na dakika 5 Glasgow ikajibu, na haikuchagua mdogo wao. Iliipiga St George.

Hamisi wa Bara

Naomba nitofautiane na mleta mada kwa heshima. Hiyo ya kuipiga St George mimi siioni kuwa ushujaa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Baba yake Khalid alipisha 1885 na watu wake wakalala salama. Khalid alipeleka watu 500 kaburini na hospitalini kwa ajili ya kiti. Na nimesoma kwamba mabaharia wa Glasgow wenyewe walipandisha bendera ya Kiingereza kuomba salama. Sasa hapo tunasifu nini?

MwanaMizingani

Ndugu Hamisi, hoja yako ina uzito na sitaipita pembeni.

Kuhusu Khalid nakubaliana nawe sehemu kubwa. Aliamini hawatapiga, na akawaweka watu nyuma ya imani hiyo kwenye majumba ya mawe ya matumbawe na mbao nyingi, ambayo kombora likiingia yanawaka. Kiongozi anapaswa kuuliza itakuwaje kama hesabu yake si sahihi, na majibu yake ya asubuhi ile hayaonyeshi kwamba aliuliza.

Lakini mabaharia siwaweki kwenye kapu moja na Khalid. Watu wale walikuwa kwenye meli ya mbao iliyotiwa nanga, haiwezi kukwepa, haina pa kujificha, mbele ya meli tano. Wangeweza kujitosa majini mapema. Walishindilia mizinga wakapiga. St George ikajibu kwa mizinga ambayo kombora lake moja lilikuwa zito mara nyingi kuliko lolote walilokuwa nalo. Meli ikatobolewa, ikaanza kushuka. Hapo ndipo walipopandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu amri, na mashua za Waingereza zikaja kuwaokoa wakiwa hai. Wameipigania meli mpaka haikuwa na cha kupigania, kisha wakaokoa roho zao. Hiyo ni akili ya baharia, na sidhani kama kuna mtu ana haki ya kuwadai zaidi ya hapo.

Na hawakuwa peke yao majini. Mashua mbili ndogo za moshi ziliisogelea Thrush watu wake wakiipiga kwa bunduki za mkononi. Zikazamishwa zote mbili.

Nahodha Mstaafu

Hapo umesema sawasawa. Mimi nimewahi kuona watu wakifarijika kwa kuona mashua inakuja, hata iwe ya nani. Bahari haina aibu ya kuokolewa.

Hamisi wa Bara

Nimekuelewa mkuu. Kwa mabaharia naikubali hoja yako. Kwa Khalid nabaki pale pale.

Bi Shangani

Assalam aleykum. Mie mtu wa Mji Mkongwe, nachangia kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Mnaposema kasri, wengine wanadhani ni jengo moja. Yalikuwa majumba matatu yakitazama bahari: Beit al Ajaib, Beit al Hukm, na Beit al Sahel. Beit al Hukm iliharibika kabisa. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al Ajaib ulipigwa ukabomolewa, ndipo baadaye jengo likapewa mnara wa saa kwenye uso wake. Wengi wetu tulikua tukiuona mnara ule bila kujua kwamba ulikuwa kiraka cha mwaka 1896.

Mpaka saa 3 na dakika 40 bendera ilikuwa imeangushwa na mizinga imenyamaza. Makombora yaliyopigwa ni kama 500, na risasi za bombomu zaidi ya 4,000. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, wa Thrush, naye akapona. Wale watumwa na watumishi waliomo ndani hakuna aliyewauliza kama wanataka vita. Mie ndio nnaowalilia zaidi, kuliko meli.

MwanaMizingani

Wa aleykum salaam, dada yangu. Umesema jambo ambalo uzi huu ulihitaji. Ahsante sana.

Kijana wa Tabora

Meli yenyewe ikawaje baada ya kuzama? Waliiondoa?

MwanaMizingani

Kina cha maji pale ni kifupi, kwa hiyo haikupotea. Ilikaa juu ya mchanga, milingoti yote mitatu na bomba la moshi vikitokeza juu ya maji, mbele kabisa ya mji. Ziko picha za zamani zinazoonyesha hivyo, mashua na majahazi yakipita kando yake. Ikakaa namna hiyo mpaka 1912, miaka kumi na sita. Mtu wa Unguja aliyezaliwa mwaka wa vita alikua mpaka akabaleghe akiona milingoti ya Sultani majini kila akishuka pwani. Mimi siamini kwamba serikali ya himaya iliiacha kwa uvivu tu. Sultani mpya, Hamoud bin Mohammed, alikuwa amewekwa siku ileile ya vita, na kila aliyetazama dirishani alikuwa na la kukumbuka.

Mwaka 1912 kampuni ya kuvunja meli iliikata, na sehemu kubwa ikaenda kutupwa bahari kuu.

Mzamiaji Nungwi

Nathibitisha kwamba haikwisha yote. Baadhi ya mabaki yapo chini karibu na bandari na wazamiaji hupelekwa kuyaona. Msitegemee kukuta meli nzima kama kwenye filamu. Ni vipande, na vimeshakuwa makazi ya samaki. Ninachowasihi wanaokwenda: msichukue kitu, hata kipande cha shaba. Pale ni mahali walipopigwa watu.

Nahodha Mstaafu

Ahsante kijana. Waambie na wageni unaowapeleka.

Msomi wa Mombasa

Naongeza kuhusu wale wawili wakubwa, kwa sababu hadithi zao zinaendelea.

Rawson hakupumzika. Februari 1897, miezi sita tu baadaye, admirali huyohuyo, akitumia St George ileile, aliongoza jeshi lililouchoma mji wa Benin, katika nchi ambayo leo ni Nijeria. Zile sanamu za shaba za Benin ambazo watu wanadai zirudishwe kutoka makumbusho ya Ulaya zilichukuliwa katika safari ile. Kwa hiyo anayesema tukio la Unguja lilikuwa ajali ya dakika chache alitazame pamoja na hilo. Ilikuwa kazi, ikifanywa bandari baada ya bandari.

Khalid naye alikimbilia kwenye ubalozi wa Ujerumani. Waingereza wakaweka walinzi nje wamkamate akikanyaga ardhi ya Zanzibar. Oktoba 2 maji yalipojaa mashua ya manowari Seeadler ikaletwa mpaka kwenye geti la bustani ya ubalozi, akaingia bila kukanyaga barabara, akapelekwa Dar es Salaam. Alikaa huko mpaka Waingereza walipoiteka katika Vita Kuu ya Kwanza. Walimkamata, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki hapa kwetu Mombasa mwaka 1927.

Hamisi wa Bara

Hiyo ya Benin sikuwa nimeiunganisha na hii. Admirali mmoja, meli moja. Inabadilisha mambo.

MwanaMizingani

Ndiyo maana nilitaka tuanzie kwenye meli. Shukrani kwenu nyote, hasa Nahodha, Bi Shangani na Msomi.

Mwenye picha ya zamani ya bandari kati ya 1896 na 1912, aipandishe hapa na aeleze imetoka wapi. Na kama kuna mtu ambaye kwao, iwe Unguja, Pemba, Ngazija au Maskati, wazee walisimulia habari za babu aliyefanya kazi kwenye Glasgow, tafadhali aandike alivyosikia, hata kama ni mistari miwili. Uzi upo wazi.